Shangazi Aliyeombwa Asiitikie

Mimi mdomo wangu hauna breki, na nikishika kibodi ndiyo kabisa. Nina duka la steshenari hapa Lushoto mjini, kazi ni kuchapa barua, kutoa kopi na kupiga picha za pasipoti, na kwenye kompyuta hiyohiyo ya dukani naendesha tovuti yangu ya kuhakiki filamu. Tovuti naipenda kuliko duka, nisiseme uongo. Mteja anaingia na cheti chake nimtolee kopi, ananikuta nimekodoa macho namtazama maiti kwenye kioo kwa mara ya tatu, nataka kuhakikisha kama kweli alipumua baada ya kufa. Mara nyingi huwa amepumua. Basi naandika.

Juu kabisa ya tovuti, tangu siku ya kwanza, niliweka maneno haya: Hapa hatumpaki mtu mafuta kwa mgongo wa chupa. Niliyaweka kwa sababu nilichoshwa na sifa zinazofanana, kila filamu "ya kipekee", kila mwigizaji "ameuvaa uhusika". Kwangu filamu ikiwa mbovu nasema mbovu, na ubovu uko dakika ya ngapi nasema pia. Siku moja mwenye filamu fulani alinipigia simu kutoka Dar anafoka, "Dada, wewe umewahi kutengeneza filamu hata moja?" Nikamwambia sijawahi kujenga nyumba pia, lakini paa likivuja naloa. Akakata simu. Nilicheka mpaka mteja aliyekuwa kaunta akadhani namcheka yeye.

Msomaji wangu wa kwanza hasomi. Ni shangazi yangu, dada mkubwa wa baba, aliyenilea tangu nikiwa darasa la pili, mama yangu alipofariki. Anakaa Magamba kule juu, msitu unapoanzia, analima kabichi na karoti. Siku ya gulio anashuka mjini na mzigo wake, akishauza anakuja dukani, anavua viatu, anakaa kwenye kiti cha plastiki karibu na mashine ya kopi kwa sababu hapo pana joto. Namwagizia chai ya rangi yenye tangawizi, halafu anasema, "Haya, nisomee." Herufi ndogo macho yake hayazitaki. Nami namsomea uhakiki wa wiki hiyo mwanzo mpaka mwisho, kwa sauti, wateja watake wasitake.

Filamu zenyewe haangalii. Runinga yake ni ya taarifa ya habari na mawaidha ya Ramadhani. Filamu anazipata kwangu, na anajua nani alimsaliti nani kuliko watu waliolipa kuziona. Tena ana maswali ambayo hata watunzi hawakujiuliza. "Huyo mwanamke analia kitandani wiki nzima, nani anampikia?" Baadhi ya maswali yake nimeyaandika kwenye tovuti kama yangu, na wasomaji wakanisifu kweli kweli. Mungu anisamehe.

Sasa niseme habari ya uso wake. Asiyemjua shangazi akikutana naye njiani anampisha. Nyusi zimekutana, midomo imebana, macho yanakupima kuanzia kwenye viatu. Ndani hamna ukali wowote. Ni mtu anayemwomba kuku radhi kabla hajachinjwa. Lakini uso ni uso, na ndio uliotuponza.

Walikuja watu wa filamu kutoka Dar. Walitaka ukungu na misonobari, wakaambiwa wapande Magamba. Skripti yao waliitolea kopi dukani kwangu, kwa hiyo niliisoma kabla ya waigizaji wenyewe. Hadithi ilikuwa hivi: kijana ameuza shamba la familia kwa siri, akatokomea. Baada ya miaka mingi anarudi kijijini, anamkuta mama yake amesimama mlangoni. Anapiga goti, anasema, "Shikamoo, mama." Mama anamtazama. Hamwitikii. Anageuka, anafunga mlango. Yote yanayofuata, kijana kulia, kulala kwenye baridi, kuzunguka kwa wazee akiomba waende kumwombea radhi, yamebebwa na kile kimya cha mama. Nilipoisoma nilisisimka. Nilisema, hawa wakipatia hapa, wamepatia filamu.

Wakaniomba niwapandishe nikawaonyeshe nyumba zinazofaa. Tulipokaribia kwa shangazi, mwenyewe alikuwa barabarani anamfokea beberu aliyeingia kwenye kabichi zake. Mwongozaji, mwanamume mwembamba mwenye kofia ya sufu, akanishika mkono. "Huyo! Huyo mama hapo! Ebu ona huo uso!"

Nikamwambia ni shangazi yangu na hajawahi kuigiza hata ngonjera ya shule.

"Hasemi neno hata moja," akasema. "Ni kunyamaza tu."

Kunyamaza tu! Laiti angejua anamwambia nani, na wapi.

Kwetu milimani shikamoo haiachwi hewani. Unaweza kuwa umeshtakiana na jirani mpaka mahakamani, mtoto wake akikuamkia unaitika, halafu kesi inaendelea. Mtu asiyeitika ama ni kiziwi ama umeshamfia moyoni mwake, hakuna la tatu. Na shangazi kwa salamu ndiye mwalimu wa wote. Kwa Kishambaa salamu yake peke yake inaweza kukutoa Magamba ikakufikisha karibu na Malindi, kijiji cha mbele huko huko milimani, anauliza watoto, mvua, ng'ombe, mguu wako uliouma mwaka jana.

Alikubali upesi mpaka nikashangaa. Alivaa kanga yake mpya, wakamwomba avae kuukuu. Wakamwelekeza mara mbili. Akasema ameelewa. Akasimama mlangoni na uso wake ule, na nakwambia hata mimi niliyemzoea niliogopa. Mwongozaji akasema, "Anza!" Kijana mwigizaji akaja taratibu kutoka kwenye ukungu, akapiga goti kwenye tope.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu! Za siku nyingi? Mbona umelowa hivyo, ingia ndani uote moto!"

"Kata!"

Tulicheka wote, na shangazi akacheka, akaomba radhi. Mwongozaji akamweleza tena kwa upole. Huyu kijana ameuza shamba lenu kwa siri. Amekuacha. Una hasira naye. Shangazi akaitikia kwa kichwa, na kweli alionekana kumchukia yule kijana kwa dhati. Wakaanza tena.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba," akasema, kwa chuki.

"Kata! Mama, usimjibu."

"Nimekuelewa, baba. Lakini si ameniamkia?"

Mara ya tatu alijiziba mdomo na kanga, tukaisikia marahaba ndani ya kanga. Mara ya nne mwongozaji akamshauri ahesabu kimoyomoyo ili akili iende pengine. Tukamsikia, "Moja, mbili, marahaba, tatu." Mwenye kinasa sauti alilazimika kukaa chini, mbavu hazina hali. Mwongozaji akapata wazo jingine: kijana asiamkie kabisa, apige goti na kunyamaza. Akaja, akapiga goti, akanyamaza. Shangazi akasubiri. Akasubiri. Kisha akatugeukia sisi. "Huyu mtoto ni wa nani? Anamtazama mama yake machoni kama ng'ombe, hata shikamoo hana?" Akamwinamia kijana, akamfundisha.

Walirudia mpaka nikaacha kuhesabu. Ukungu ukawa mzito, mwanga ukaanza kuondoka, na waigizaji walikuwa na baridi mpaka meno yanagongana. Ile ya mwisho shangazi alijitahidi kuliko zote, ikatoka ndogo sana, pumzi tu. Mwongozaji akasema, "Inatosha. Sauti tutaiondoa." Akamshika shangazi mikono miwili akamshukuru, na shangazi akamjibu, "Hongea, baba, hongea," ambayo ndiyo asante yetu. Akawapikia wote chai.

Sauti waliiondoa kweli. Midomo waliisahau.

Filamu ilipokamilika waliileta Lushoto wakaionyesha ukumbini Jumamosi alasiri, kwa projekta, kama shukrani kwa wenyeji. Nusu ya Magamba ilishuka. Shangazi alikaa mstari wa mbele na ushungi mpya wa kijani, nami pembeni yake na daftari langu. Filamu ilianza vizuri, niseme haki, ile misitu ilipigwa picha mpaka unaisikia harufu. Tukafika mlangoni. Uso wa shangazi ukajaa ukuta mzima. Kijana akapiga goti. "Shikamoo, mama." Na hapo juu ukutani, kubwa kama dirisha, tukaiona midomo ya shangazi ikifumba, ikafunguka, ikafumba tena. Hakuna Mshambaa aliyehitaji kuambiwa alichosema. Ukumbi mzima ulilipuka kwa makofi.

Mlango ukafungwa. Hakuna aliyejali. Kuanzia pale filamu ilikuwa imekufa. Kijana analia msituni, watu wanamwambia, "Wewe, si amekuitikia!" Analala kwenye baridi, "Rudi nyumbani, mama yako hana neno nawe!" Mwongozaji alikuwa amesimama nyuma kabisa, amevua ile kofia, anaizungusha mikononi. Nilimwonea huruma, na huku natetemeka kwa kicheko.

Shangazi hakucheka. Alikuwa anang'aa. Watu walimzunguka, "Staa! Staa wetu!", wakapiga naye picha. Tulipokuwa tunatoka akanishika kiwiko akasema, "Gulio lijalo utanisoma mimi."

Hapo ndipo kicheko kilipokatika. Nilikwenda nyumbani na jambo moja tu kichwani. Nikiandika kweli, namwaibisha mtu aliyenilea, tena kwa kitu pekee alichowahi kujivunia mbele za watu. Nikimpamba, yale maneno ya juu ya tovuti niyafute, nibaki na steshenari yangu. Wasomaji walikuwa wameshaanza kunichokoza: "Tunasubiri ya shangazi. Leo tuone."

Nikaandika kwa woga. Kwa mara ya kwanza maishani nikaandika kwa woga. Nikasema mama wa Magamba "ameigiza kwa hisia za kipekee, uso wake ukibeba huzuni ya vizazi." Nilipomaliza nilijisikia vibaya lakini pia nilijisikia mpwa mwema. Sikuurusha hewani uhakiki huo. Nikasubiri gulio.

Akaja, akavua viatu, akapewa chai yake. "Haya, nisomee." Nikasoma. Nilipofika kwenye vizazi, akaweka kikombe chini.

"Rudia hapo."

Nikarudia.

"Uso ukibeba nini?"

"Huzuni, shangazi. Ya vizazi."

"Huyo mama ni nani? Mimi simjui." Akanitazama kwa uso ule ule wa kwenye filamu. "Hilo neno kipekee, kila siku unawacheka wanaoliandika. Mimi sikufanya nilichoambiwa, najua. Nilimwona yule dairekta nyuma anazungusha kofia. Nilikuwa nasubiri uniambie wewe, maana wengine wote watanisifu kwa sababu tunajuana." Akainuka akaanza kutafuta viatu. "Na wewe kumbe unaweza kudanganya na sauti isibadilike. Sasa wale wote uliowasifia miaka hii, nitajuaje?"

Nikainama nikamtolea viatu chini ya mashine ya kopi.

"Kaandike vizuri," akasema, akatoka. Chai ilibaki nusu kikombe. Shangazi yangu hajawahi kubakiza chai.

Niliona aibu mpaka masikio yakaniwaka moto. Nikafunga duka mchana kweupe, nikafuta yote, nikaandika upya. Nikasema misitu imepigwa picha vizuri. Nikasema kosa la kwanza ni la mwongozaji, ambaye siku nzima alionyeshwa kwamba mama huyu hawezi kuiacha salamu ya mtoto, naye badala ya kubadilisha hadithi akabadilisha sauti. Kisha nikaandika: "Lakini mhakiki hapimi juhudi, anapima kilichoko kwenye kioo. Mama huyu ni shangazi yangu, na hakuiweza sehemu yake. Alipewa kazi ya kunyamaza, akaitika. Hajaweza." Nikabonyeza kitufe kabla moyo haujanigeuka. Kufumba na kufumbua maoni yakamiminika. "Umemchana hata shangazi yako!" mmoja aliandika, na vikatuni vya kucheka kumi.

Mimi sikucheka. Aliniomba ukweli, sawa, lakini kuomba ukweli ni jambo moja na kuusikia ukisomwa na majirani kwenye simu zao ni jambo jingine. Gulio lililofuata hakuja. Kabichi zake zililetwa na jirani yake, mama mmoja wa makamo tunayeheshimiana sana. Nikamwamkia, nikamuuliza habari za shangazi. Akasitasita.

"Mwanangu, shangazi yako ana nini siku hizi? Juzi mwanangu mdogo kamwamkia, hakuitika. Jana mke wa imamu naye, hivyohivyo. Anamtazama mtu tu, anaondoka."

Shangazi haitikii! Niliona nimemvunja mtu. Niliona maneno yangu ya kwenye kompyuta yamempandia Magamba, yamemfunga mdomo mwanamke ambaye timu nzima ya filamu na kamera zake ilishindwa kumfunga. Nikanunua sukari na mikate miwili, nikapanda bodaboda, na njia nzima nilikuwa najiapiza kuifuta tovuti. Nilikuwa nimeshafika mahali pa kuchagua maneno ya kuwaaga wasomaji.

Nilimkuta amesimama mlangoni, kama mtu aliyeambiwa nakuja. Ukungu ulikuwa umeshuka mpaka kwenye kabichi. Nikaweka mfuko chini, nikapiga goti. Sijampigia goti tangu nikiwa mtoto, lakini miguu ilikwenda yenyewe.

"Shikamoo, shangazi."

Hakuitika.

Nikangoja. Alinitazama kuanzia kwenye viatu, akapanda polepole mpaka machoni, akakaa hapo. Midomo haikutikisika hata kidogo. Nilisema tena, "Shikamoo." Akageuka bila haraka, akaingia, akafunga mlango, nikasikia komeo likigonga.

Nilibaki pale kwenye tope na mikate yangu. Miaka yote aliyonilea nimemvunjia vyungu, nimefeli mitihani, nimewahi kumuibia asali, na kila asubuhi nilimwamkia na akaniitikia. Nikalia. Sioni haya kusema, nililia kwa sauti, mtu mzima mwenye duka lake.

Ndipo nikasikia kitu ndani. Kwanza nilidhani naye analia. Kisha komeo likafunguliwa, na shangazi akatokea ameshika ubavu, kanga imemdondoka begani, anacheka mpaka hawezi kusimama. Lakini macho yake yalikuwa yamelowa kama yangu.

"Nimeweza, sijaweza?" akauliza.

Sikuelewa. Kisha nikaelewa yote kwa pamoja, mtoto wa jirani, mke wa imamu, siku zote zile za watu kumwamkia na yeye kuwatazama tu. Alikuwa anafanya mazoezi.

"Umeweza, shangazi," nikasema, huku kamasi zinanitoka. "Wallahi umeweza."

"Ulisikia uchungu?"

"Nilisikia."

"Hata mimi." Akanivuta mkono nikainuka kwenye tope, akanifuta uso kwa pindo la kanga, kwa nguvu, kama zamani. "Basi marahaba, mwanangu, marahaba mara mbili, maana ulisema mbili. Na usinipe tena kazi hii, roho ilikuwa inanitoka huko nyuma ya mlango."